Nani Alikata Mayi

Professa wetu aliogopa mbwa. Aliogopa radi, aliogopa nyaya za umeme zilizolegea, aliogopa nyama ya kuchoma ya barabarani na mlango wowote uliokuwa nyuma ya mgongo wake. Alipoingia darasani, kwanza alisogeza meza pembeni mpaka aone dirisha na mlango kwa pamoja, ndipo akatusalimia. Wanafunzi wapya walicheka. Baada ya muda hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja wetu naye alikuwa amekwisha kujichagulia kiti kinachotazama mlango.

Ilikuwa Lubumbashi ya chama kimoja. Tai zilikatazwa, majina ya ubatizo yalikatazwa, na asubuhi kabla ya masomo tulisimama uani kuimba na kucheza kwa ajili ya Kiongozi. Professa aliimba kuliko sisi wote. Alirusha mikono, alikata kiuno, jasho likamtiririka ndani ya abakosti, lile koti la chama lililofungwa mpaka shingoni, na sisi tuliokuwa vijana tuliona aibu kwa niaba yake. Mtu mwenye elimu ile, tulisema, anajidhalilisha hivi. Hatukujua bado kwamba anayeimba kwa nguvu vile mara nyingi ni yule mwenye mengi ya kuficha.

Somo lake lilikuwa kuzuia magonjwa kabla hayajaingia, na sisi kwa Kiswahili tuliliita dawa ya kinga. Nilipomtajia baba yangu jina hilo alicheka mpaka akakohoa. Baba alikuwa fundi wa reli, na kwetu Lubumbashi kinga ni baiskeli.

“Basi kinga nayo inagonjwaka?” aliniuliza. “Na munaipatiaka dawa gani?”

Jambo la kuchekesha zaidi ni kwamba Professa alikuja kazini kwa baiskeli kweli, akiwa amekaza suruali kwa mpira kwenye vifundo, polepole, akiteremka na kuisukuma kila alipoona lori. Maprofesa wenzake walikuwa na magari. Yeye alisema gari linampa mtu haraka, na haraka ndiyo inayoua. Maji ya kunywa aliyabeba mwenyewe katika chupa iliyofungwa kitambaa. Ukimkaribisha kwako alikuja, alikaa, alicheka na watoto, lakini hakuonja kitu mpaka aone mvuke ukitoka. Mama yangu alimwona mtu wa dharau. Mimi nilijua si dharau. Alituambia waziwazi siku ya kwanza: wenzake walisomea moyo, wengine walisomea mifupa, yeye amesomea woga. Kazi ya daktari wa kinga, alisema, ni kuogopa mapema kwa niaba ya watu ambao bado hawajaumwa.

Pamoja na hayo, sijapata kumwona mtu aliyebadilika kama yeye anapokalia kiti cha mgonjwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kufundisha. Walimu wengine walisoma maandishi yao ya zamani na sisi tukanakili. Yeye aliweka kiti mbele ya darasa, akavua miwani, akakaa, na akawa mgonjwa. Sisi tulikuwa madaktari. Alituita hivyo, docta fulani na docta fulani, tukiwa bado hatujui hata kushika sindano. Masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa, lakini akishakaa pale alizungumza Kiswahili cha mji, kama wagonjwa wenyewe wanavyozungumza, na alijibu tulichouliza tu. Usipouliza, hukuambiwa. Alikuwa mchimba madini wa makamo, alikuwa mama mwenye mapacha, alikuwa mzee kiziwi. Alikohoa, alijikuna, alitukemea kwa kumchelewesha. Mtu yule aliyeruka mlango ulipopigwa na upepo, akiwa mgonjwa hakuogopa mtu.

Siku moja alikuwa mfanyakazi wa mgodi anayeanguka na kinga yake mara kwa mara njiani kwenda kazini. Tulimpima macho, tulimpima masikio, tulichunguza kifafa katika ukoo wake wote, mwenzetu mmoja akataka hata apigwe picha ya kichwa. Professa alitujibu kwa uchovu wa mtu aliyelala vibaya. Mwisho nikamuuliza asubuhi amekula nini.

“Asubuhi?” akasema, akinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. “Mama, miye ninakulaka mangaribi.”

Basi tukatoka kichwani tukaingia nyumbani kwake: watoto wengi, unga kidogo. Tukatoka nyumbani tukafika barabarani: majirani wote vilevile, kwa kuwa posho ya unga imechelewa. Hapo Professa alivaa miwani, akasimama, akawa tena mtu wa kutazama mlango. Ugonjwa, alituambia, hauanzi kwa mgonjwa. Kwa mgonjwa ndiko unakofika. Unapaswa kuufuata nyuma hatua kwa hatua: mgonjwa, nyumba, barabara, mji. “Lakini siye tunaishia ku barabara,” akasema. “Ya muji, mutaisoma mukiwa bakubwa.”

Sote tulielewa. Kwa nini posho imechelewa, hilo lilikuwa swali la mji, na mji ulikuwa na wenyewe. Kila kisa tulichosoma kwake kiliishia barabarani. Moshi wa bomba kubwa la kiwanda, vumbi la mgodini, mitaro iliyoziba: tulifika mpaka pembeni mwa jibu, tukaliona, tukafunga daftari.

Tulikuwa na sababu ya kufunga. Katika darasa letu alikuwamo kijana aliyeitwa Kasongo, mkuu wa vijana wa chama katika kitivo. Kila mtu alijua kazi yake. Alivaa picha ya Kiongozi kifuani, alikaa peke yake, hakuandika sana, na mwisho wa juma alikwenda ofisi ya chama mjini kueleza aliyoyasikia. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mpole, tena mwenye akili, na upole ule ndio ulitutia baridi. Hatukujua ametoka wapi wala anaishi wapi. Mtu akianza kusema jambo kantini na Kasongo akapita, maneno yaligeuka kuwa habari za mpira. Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja alichukuliwa kwa ajili ya mzaha. Hakurudi darasani, na mama yake alipokuja kuuliza, tulimpisha njia kama tusiomwona.

Professa alimwogopa Kasongo kuliko sisi. Kasongo akiinua mkono, chaki ilisimama. Lakini Kasongo naye aliitwa docta kama sisi.

Halafu ukaja mwaka wa wageni. Wakubwa kutoka Kinshasa walitarajiwa, na mji ukapakwa rangi upande ule utakaoonekana. Katikati ya mji, chemchemi ya mapambo iliyokuwa imekauka tangu tukiwa watoto ilianza kurusha maji, na maua yalimwagiwa asubuhi na jioni. Wakati huohuo, katika kitongoji kimoja ng'ambo ya reli, mabomba yalikauka. Watu wakaanza kuchota kwenye kijito kinachopita nyuma ya vyoo.

Hospitalini tulikofanya mazoezi walianza kuletwa watu wenye tumbo. Nasema tumbo kwa sababu ndilo neno tulilopewa. Kipindupindu kilikatazwa kutamkwa. Mganga mkuu alituita, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba katika mji unaosubiri wageni ugonjwa huo haupo, na kisichokuwapo hakiandikwi. Tuliwaona watu wakikauka kama samaki juani, macho yakizama ndani, vidole vikikunjamana, na juu ya kitanda tukaandika tumbo. Nilikuwa narudi nyumbani nikinawa mikono mpaka ngozi inauma. Niliogopa ugonjwa na niliogopa jina lake, na sijui nilichoogopa zaidi.

Professa alikwenda kule ng'ambo ya reli peke yake mara kadhaa, kwa baiskeli, akiwahoji wagonjwa. Hilo tulilijua baadaye. Tulichoona sisi ni kwamba asubuhi moja alikuja amechelewa, viatu vina tope, akaweka kiti mbele na kukaa bila kutusalimia.

Alikuwa msichana. Alijifunga kanga isiyoonekana, akaegemeza kichwa pembeni, na sauti yake ikawa nyembamba na ya mzaha, sauti ya mtu anayejaribu kutowasumbua watu. Tuliuliza kazi yake. Alisema anauza samaki mkavu, anafuata mizigo Kasenga, kando ya mto Luapula. Darasa zima likadhani limepata: ametoa ugonjwa mtoni. Tulimuuliza amerudi lini, akasema tangu wakati wa mvua hajasafiri. Tukamuuliza anasikia nini.

“Banayaya,” Professa akasema, kama msichana anavyowaita kaka na dada zake, akitabasamu kwa midomo mikavu, “tumbo yangu njo imekuwa robine. Na robine ya kwetu njo imekauka.”

Wachache walicheka, maana robine kwetu ni bomba la maji. Nilisikia kalamu ikianguka nyuma yangu, nikageuka. Ilikuwa ya Kasongo. Hakuiokota. Alikuwa hajaonekana darasani juma zima, nasi tukajua yuko kwenye matayarisho ya wageni. Sasa alikuwa amekaa wima, akimkazia Professa macho bila kupepesa, na nilidhani anakariri maneno.

Tuliendelea, kwa woga. Tukaingia nyumbani kwa msichana: anaishi na mama yake, ana kaka mkubwa anayesoma, wanajivunia kaka. Maji wanatoa wapi? Kijitoni. Tangu lini? Tangu robine ilipokauka. Tukatoka barabarani: ya majirani je? Imekauka ya wote. Mmoja wetu akauliza, kwa Kifaransa, mgonjwa anaendeleaje sasa.

Professa alivaa miwani akasimama. “Alikufa juma lililopita,” akasema. Kisha akaeleza, kama kawaida yake, kwamba kisa kimefika barabarani na hapo ndipo tunapoishia. Alikuwa akikusanya vitu vyake wakati sauti ilipotoka nyuma.

“Professa. Nani njo alikata mayi?”

Ilikuwa sauti ya Kasongo. Amesimama.

Jirani yangu alinishika mkono chini ya meza akaubana. Kila mmoja wetu alielewa kwamba mtego umetegwa, na kwamba umetegwa kwa makusudi, mbele ya mashahidi. Professa alitazama mlango. Alitazama dirisha. Aliinua chupa yake ya maji, akashindwa kuifungua, akairudisha mezani. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema muda umekwisha. Tulimwombea aseme hivyo.

“Docta Kasongo,” akasema, “ile ni ulizo ya kweli?”

“Ni ulizo ya kweli.”

“Basi unapashwa kupata jibu.” Akaegemea meza. “Bomba iko moja. Inapelekaka mayi ku site, kule ng'ambo ya reli, na ku centre. Juu ya bageni, bakubwa balifunga ya site, juu mayi iruke mu maua. Njo vile tu. Kolera ile, balifungulia yeye mulango.”

Alikuwa ametaja kila kitu: kipindupindu, wakubwa, maua. Kasongo akatoka bila kuomba ruhusa, mbiombio, akiacha kalamu na daftari. Tulisikia viatu vyake vikikimbia kwenye ngazi. Sote tulijua anakokimbilia.

Nilingoja Professa naye akimbie. Mto Luapula unafikika, na ng'ambo yake ni Zambia. Wengine walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo. Badala yake alifuta ubao, ubao ambao haukuwa na kitu, na akatuambia kwamba kwa kuwa jibu limepatikana, sehemu inayobaki ya somo ni ya vitendo. Anayeogopa abaki, hatamchukia. Yeye mwenyewe, alisema, anaogopa kuliko sisi sote.

Wengi walibaki. Waliokwenda tulikwenda na makoti meupe, mchana, tukavuka reli kwa miguu, yeye mbele akiisukuma baiskeli yake. Askari wa kizuizi alitutazama tu. Nafikiri hakuwa na amri ya kuzuia makoti meupe. Katika kitongoji kile tulienda lupango kwa lupango, ua kwa ua. Tulieleza kuchemsha maji, kuchimba choo mbali, kumnywesha mgonjwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, kidogokidogo, hata akitapika. Watu walituogopa. Walifikiri tumekuja kuchukua wagonjwa wasirudishwe. Bibi mmoja alijifungia ndani, na Professa akakaa kizingitini, akaanza kuongea na ubao wa mlango kwa ile sauti yake ya mama wa mapacha, akilalamikia miguu na bei ya makaa, mpaka bibi akafungua aone ni nani huyo.

Penye mbwa alinitanguliza mimi. Alinisimamisha kabisa mbele yake, akanishika koti kwa nyuma, mtu mzima na miwani yake, na hakuona haya. Mbwa alipofungwa ndipo alipoingia na kuanza kusema maneno ambayo kwayo mtu angeweza kupotea. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Sikuwahi kuona woga wake ukipungua hata kidogo siku ile. Ulikuwapo wote, na alitembea nao.

Maji yalirudi kitongojini upesi, kabla wageni hawajaondoka. Hakuna aliyesema kwa nini. Wagonjwa wakaanza kupungua.

Watu wa usalama walikuja wakati wa somo. Hawakupiga kelele. Walikuwa wawili, safi, wenye adabu, wakaomba kukaa nyuma mpaka kipindi kiishe. Professa alikuwa kwenye kiti, mzee kiziwi siku hiyo, na alifanya jambo ambalo mpaka leo linanisisimua: aliendelea. Alimaliza kisa chote. Wakati mmoja alijibu swali la tumbo kwa habari za shamba, na mmoja wa wale wawili alicheka, kicheko cha kweli, akaziba mdomo kwa mkono. Kisha walisimama, wakamngoja apanguse chaki vidoleni. Aliuliza kama anaweza kuichukua baiskeli. Walisema hapana, kwa upole. Alipita katikati ya madawati bila kumtazama yeyote wetu, na nilielewa kwamba hatutazami ili tusitazamwe.

Kasongo naye hakurudi tena. Tulisema amelipwa. Mmoja alisikia yuko Kinshasa kwenye ofisi yenye viyoyozi. Mwingine alisikia amepelekwa ng'ambo kusoma. Tuliletewa mwalimu mpya aliyesoma kurasa nasi tukanakili. Hakuna aliyeuliza swali lolote mpaka mwaka ukaisha. Mkewe Professa alikuja kuichukua baiskeli, na baadaye tukasikia kwamba ameachiliwa, kwamba hawezi tena kufundisha popote, kwamba amewekwa kwenye zahanati huko Kasenga.

Nilifuzu. Nikafanya kazi, nikaolewa, nikazaa. Nilijifunza nami kuimba asubuhi kwa nguvu. Miaka ikapita, nikawekwa katika kazi ya chanjo, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha Kasenga.

Nyumba yake haikuwa mbali na gati ambapo malori hupakia samaki. Nilimkuta kivulini akikata kucha, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, na nilipomtajia jina langu alisema hapana, kwanza nimweleze nilikuwa nakaa kiti gani. Nikamweleza. Ndipo akanikumbatia. Aliniita docta, na safari hii nilikuwa daktari kweli, nikaona aibu kidogo.

Tuliongea muda mrefu. Mkono wake wa kushoto haukufumbika sawasawa, sikuuliza. Aliuliza habari za kila mmoja. Nami, ambaye kwa miaka sikuwa nimeongea kwa uhuru hata na mume wangu, nilijikuta nikisema yote. Nilimweleza kwamba masanduku ya chanjo yanafika nusu. Nilimweleza kwamba nusu nyingine nimeiona kwa macho yangu ikiuzwa, na kwamba anayeiuza ni mtu mkubwa wa chama katika jimbo, mwenye nyumba ya ghorofa karibu na…

Mlango wa ua ukafunguka. Akaingia mtu na kikapu cha samaki begani, mnene kuliko zamani, upara umemwanza. Alikuwa Kasongo.

Nilikata neno katikati. Kwa hiyo hawakumwachilia Professa, walimwekea mlinzi. Na mimi nilikuwa nimekaa pale, chini ya dirisha lililo wazi, nikataja mambo yasiyotajwa. Niliwafikiria watoto wangu. Nilihesabu nani atawachukua. Kasongo alinitazama, akanitambua, akasema “Jambo docta” kwa upole uleule, akapita nyuma na samaki wake.

“Endelea,” Professa aliniambia.

Nikasema nimemaliza, tena gari linaningoja.

Alinisoma uso. Alikuwa na kazi ya kusoma woga maisha yake yote, wangu hakuukosa. Akanishika mkono kwa ule mkono mzima, akanivuta chini, nikakaa.

“Ule musichana wa samaki,” akasema, “alikuwaka mulongo yake. Mama moya, baba moya. Na miye sikujua.”

Sikuelewa mara moja. Akaeleza polepole. Kasongo alikuwa kaka yule anayesoma, ambaye nyumba ile ilimjivunia. Juma lile ambalo hatukumwona alikuwa kwenye kilio cha dada yake, na hakumwambia mtu, maana mkuu wa vijana wa chama haombolezi ugonjwa usiokuwapo. Akarudi darasani, akaketi, akamsikia dada yake akizungumza kutoka kwenye kiti, kwa sauti yake, na mzaha wake ule wa robine. Alipotoka mbio hakwenda ofisini. Alikwenda nyuma ya jengo, akalala chini.

“Sasa nani alisema?” nikauliza.

“Muntu,” Professa akajibu. “Usimutafute. Mutatafutana mpaka mutaisha.”

Habari ilikuwa imefika kwa mdomo wa mtu mwingine, lakini wale wa usalama walitaka shahidi wa chama. Wakamleta Kasongo, wakamsimamisha mbele ya Professa, na picha ya Kiongozi kifuani. Wakamwambia arudie tu aliyoyasikia kuhusu maji. Alisema Professa alifundisha kwamba mgonjwa alikunywa maji mabaya, basi. Ya kukatwa kwa maji, hakusikia. Wakamuuliza kwa namna nyingine. Hapo Professa akautazama mkono wake wa kushoto, na nikajua namna nyingine ilikuwa ipi. Kasongo alisema hakusikia. Waliendelea siku ile na iliyofuata, na alisema hakusikia.

“Miye nilikuwa nimekwisha kukubali,” Professa akasema. “Elewa muzuri, docta. Siku ya kwanza kabisa, nilikubali yote juu ya woga. Nilisema ndiyo, nilisema bakubwa njo balikata, nilisema hata bintu sikufanya. Yeye njo alikatala. Bila neno yake, haikutosha. Njo juu ya ile unaniona.”

Walimfukuza Kasongo chuoni na chamani. Alikaa ndani muda mrefu kuliko Professa. Alipotoka hakuna aliyempa kazi, wala jirani aliyemfungulia, kwa kuwa kila mtu, kama sisi, aliamini yeye ndiye aliyemuuza Professa. Akaja Kasenga kuomba msamaha kwa ajili ya swali aliloliuliza. Professa akamwomba msamaha kwa ajili ya kiti. Nilipomuuliza kama alikalia tena kiti cha mgonjwa hata mara moja, alitikisa kichwa.

“Kila mugonjwa iko na ndugu yake mu salle ya masomo,” akasema. “Ile sikuwafundisha. Sikuijua.”

Bukari, ugali wa kwetu, ikaletwa, na samaki mbichi wa siku ile, mvuke ukipanda. Kasongo alikuja na beseni na jagi, akapiga goti mbele yangu kama mwenyeji anavyofanya kwa mgeni, akanimiminia maji mikononi. Nilitaka kusema pole na sikupata njia. Aliona bado namwogopa, akamimina taratibu zaidi ili yasimwagike.

“Nilipoingia ulikuwa unasema,” akaniambia bila kuinua macho. “Nyumba ya ule mukubwa. Iko karibu na nini?”

Sauti ilikuwa ileile ya darasani. Nilimtazama Professa, lakini yeye alikuwa anatoa miiba ya samaki na hakutaka kunisaidia. Nje malori yalikuwa yakiita wapakiaji. Nikafuta mikono, nikamwambia Kasongo nyumba iko karibu na nini, kisha nikaendelea na yote yaliyobaki.